Jicho la Pili la Shujaa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Kwa hivyo nikisema kwamba kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kugombana na Kasyoka, mjue sifa ni zake, si zangu. Saluni ni yangu, iko Kawangware upande wa kuelekea Satellite, mlango wa buluu. Mimi hushughulika na vichwa. Kasyoka ana meza yake pale mlangoni penye mwanga, naye hushughulika na kucha.

Alitoka Wamunyu, kwenye boma la mzee Muia, mchongaji wa vinyago. Katika boma lile wavulana walipewa tezo na wasichana walipewa msasa. Kasyoka alilainisha twiga na vifaru tangu akiwa mtoto, akavipaka rangi ya viatu hadi viking'aa, lakini kukata hata pua ya sungura hakuruhusiwa. Na mzee alikuwa na msimamo wake mmoja ambao hakuutolea maelezo: macho ya kinyago huchongwa na yule aliyeanza kukichonga. Mchongaji akiugua kabla ya kufika machoni, kazi husubiri apone. Kasyoka alinisimulia haya mara nyingi akipaka kucha za watu, na wateja walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Alikuwa na mtoto mmoja, Isaac. Isaac aliugua koo akiwa darasa la tatu, koo likapona, lakini ugonjwa ukahamia moyoni na kuharibu vali. Wenzake walipokuwa wakifukuza mpira, yeye alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya mama yake, akizipanga chupa za rangi. Mama alimfundisha kushika brashi ya nywele tatu. Akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa anachora maua kwenye kucha za wateja wangu, na wateja hawakujua tofauti. Mimi nilijua. Maua yake yalikuwa mazuri kuliko ya mama.

Baadaye akakutana na Duncan. Duncan anakaa Olympic, kule mwisho wa Kibera, na yeye na wenzake hukutana Jumamosi kucheza vita mezani. Msinicheke, ndivyo ilivyo: watu wazima, wengine wana ndevu, wanasukuma askari wadogo wa plastiki juu ya meza na kurusha dadu. Askari hao huja wakiwa kijivu, vipande vipande, na kila mtu huunganisha na kupaka wake. Isaac hakupenda sana mchezo. Alipenda kupaka. Haukupita mwaka, kundi zima likawa linamletea yeye askari wao.

Wa mwisho alikuwa shujaa mmoja, urefu wake kama kidole cha shahada. Ana kofia ya chuma yenye pembe za kondoo dume, shoka mkononi, na joho jekundu linalopeperuka nyuma. Isaac alipomweka mezani kwa mara ya kwanza nilikuwa na mteja wa kanisani kwangu, mama wa heshima.

"Isaac, toa hiyo shetani hapo," nikamwambia.

"Si shetani, Mama Ciru. Huyu ni ngumbau, shujaa wa Kikamba. Analinda mlango wako."

"Mlango wangu unalindwa na kufuli."

Alicheka mpaka akashika kifua. Alimpaka shujaa yule miezi minne, kwa sababu siku nyingine mkono ulikuwa hauna nguvu. Mwezi wa kumi na moja alimaliza jicho la kushoto. Akasema la kulia atalifanya kesho, macho mawili hayapakwi siku moja, yatalingana vipi mkono ukichoka? Kesho yake akalazwa. Siku ya tisa akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulimzika Wamunyu, na mimi nilipika chai ya matanga nikiwa nimemkasirikia kila mtu, Mungu akiwemo.

Kasyoka alirudi kazini baada ya wiki mbili. Shujaa akamweka kwenye droo, ndani ya kasha la kucha za bandia, na hatukumzungumzia.

Mwezi wa saba Duncan akaja saluni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sasa, mathe," akamwambia Kasyoka.

"Poa, Duncan. Kaa."

Hakukaa. Alisema kila mwaka kundi lao hufanya maonyesho Olympic, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, kila mtu anaweka kazi yake bora mezani. Isaac alikuwa amejiandikisha tangu mwaka uliopita, na jina lake lilikuwa bado kwenye orodha. "Manze sikuweza kulifuta," akasema. "Kama utakubali, tunaweka shujaa wake. Lakini lazima awe amemalizika, na awe na msingi wake, ile sehemu ya kusimamia. Hiyo ndio sheria. Mimi naeza mmalizia, ama mtu mwingine wa kundi. Wewe ndio useme."

Kasyoka alikuwa anakata ngozi ya kidole cha mtu. Alimaliza kidole kile kwanza, kisha akasema, "Nitammaliza mimi."

Duncan akatoa daftari la Isaac lililokuwa limebaki kwake. Ndani kulikuwa na mchoro wa msingi alioutaka: rundo la mafuvu ya watu, moto ukitoka katikati, shujaa juu yake. Kasyoka aliutazama mchoro, akafunga daftari.

"Mtoto wangu hawezi kusimama juu ya mafuvu."

"Lakini mathe, ndio alitaka hivyo."

"Alitaka akiwa hai. Angekuwa hai tungebishana."

Sasa muelewe alichokuwa anatafuta. Picha za Isaac alikuwa nazo kwenye simu, nguo zake alikuwa nazo. Lakini kazi ya mkono wake ilikuwa imetawanyika kwenye nyumba za watu, kwenye kucha zilizokwisha kukatwa na kutupwa. Shujaa huyu ndiye peke yake aliyebaki mikononi mwa mama. Akimmaliza vizuri, watu wangemwona Isaac alivyokuwa hodari. Akimharibu, basi. Hakuna mwingine.

Alianza na msingi kwa sababu aliliogopa jicho. Tulikwenda pamoja Makina kwa Opondo, fundi wa viti, akatupa kipande cha mbao ngumu kilichobaki kwenye mguu wa meza. Kasyoka alikilainisha msasa jioni tatu mfululizo, akakipaka rangi ya viatu kama kwao. Juu yake akajenga kilima kwa karatasi na gundi, akanyunyiza mchanga aliouchuja kwenye soksi ndefu ya mwanamke, akapanga maganda ya mayai yakawa mawe, na majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yakawa majani yaliyopukutika. Katikati akapitisha njia inayoshuka kutoka juu ya kilima hadi ukingoni. Shujaa angesimama katikati ya njia, akishuka, akiwatazama watu usoni. Nyuma yake, kuelekea juu, alichapa nyayo ndogo kwa kijiti cha kusukumia ngozi ya kucha, moja kushoto, moja kulia, ili ijulikane ametoka mbali.

"Anatoka wapi?" nikamuuliza.

"Vitani. Anarudi nyumbani."

Nikamsogezea mchanga.

Kisha akaanza mazoezi ya jicho. Alipaka macho kwenye kucha za bandia, arobaini au zaidi, meupe kwanza, kisha mstari mweusi juu, kisha kitone. Kazi ya jicho la pili si kulipaka, ni kulifanya litazame mahali lile lile linakotazama la kwanza. Likienda kando, shujaa anaonekana amelewa. Kucha zilipokwisha akahamia kwa wateja, na wiki ile wasichana wengi wa Kawangware walitembea na jicho kwenye kidole kidogo. Mimi nilipakwa mawili kwenye vidole gumba nikaenda nayo kanisani. Mchungaji alipotusalimia mlangoni aliniangalia mkono, akaniangalia uso, akapita.

Usiku mmoja, aliniambia baadaye, alimkumbuka baba yake na msimamo wake juu ya macho, akakaribia kumpigia Duncan simu aje achukue kazi. Lakini Duncan pia si yeye aliyeanza. Akajiambia kwamba mkono uliomfundisha Isaac ndio ulioanza, kwa namna fulani.

Akachagua Jumanne, siku isiyo na wateja. Nilifunga nusu ya mlango. Aliosha mikono, akamfunga shujaa kwenye kizibo cha chupa ili asiteleze, akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mimi nilikaa upande wake wa kulia, mahali ninapokaa akiwa na kazi ngumu, kumpa vitu.

Nieleze jambo hili vizuri, maana bila hilo hamtaelewa. Kazi ya kucha ina makosa madogo kila saa. Rangi ikigusa ngozi, Kasyoka hanyanyui macho. Hunyoosha mkono wa kulia, nami huweka ndani yake kijiti chenye pamba kilicholoweshwa asetoni. Hufuta, kosa huisha, kazi huendelea. Tumefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Hatuongei. Naweza kumpa huku nimempa kisogo na kichwa cha mteja kiko mikononi mwangu.

Alipaka weupe, ukakaa vizuri. Alipaka mstari, ukakaa vizuri. Akachukua weusi kwa ncha ya brashi kwa ajili ya kitone, akashusha mkono, na weusi ukawa mwingi kidogo, kidogo tu, ukateremka kutoka jichoni hadi shavuni.

Hakunyanyua macho. Akanyoosha mkono wa kulia. Nami nikampa.

Alifuta mara moja.

Rangi ya kucha huondoka kwa asetoni na ukucha hubaki. Rangi za Isaac ni za maji, ingetosha pamba yenye maji, na Isaac mwenyewe alitueleza hivyo mara ngapi sijui. Na plastiki si ukucha. Pamba ilipopita, weusi ulitoka, na shavu likatoka, na pua ikatoka, na jicho la kushoto, lile la Isaac, likatoka pia. Chini yake plastiki ya kijivu ililainika ikavutika na pamba, kisha ikaganda. Pale palipokuwa na uso pakabaki kitu laini kisicho na chochote.

Kasyoka aliweka brashi kwenye maji. Akavua miwani moja, kisha ya pili. Nilitaka apige kelele, ningejua la kufanya na kelele. Alisema polepole, "Nimemfuta."

Nilitakiwa kusema kitu wakati ule. Nilitakiwa kusema, kijiti nimekupa mimi. Yeye macho yake yalikuwa kwenye shujaa, hakuona mkono wangu, na katika maumivu yale sikujua kama anakumbuka kwamba kulikuwa na mkono mwingine. Nilinyamaza. Mimi, ninayegombana na kondakta kwa shilingi kumi, nilinyamaza. Nikaenda nyuma nikawasha jiko la chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Duncan alipopata habari alikuja siku ya pili yake, na hakulaumu mtu. Baada ya wiki moja akarudi na kibahasha. Alikuwa amemwomba mwenzake kichwa kingine, cha shujaa wa aina ile ile, kijivu, bado hakijapakwa.

"Tunakata hii, tunagundisha hiyo. Huwezi jua. Nimeshafanya mara mingi."

Kasyoka alikishika kichwa kile kwenye kiganja, kidogo kama punje ya hindi.

"Duncan, asante. Lakini hicho ni kichwa cha nani?"

Duncan akakiacha mezani, akaenda.

Siku zilizofuata Kasyoka aliendelea na kazi, na mimi nikaanza kumnunulia chai kila asubuhi, jambo ambalo sikulizoea. Shujaa hakumrudisha kwenye droo. Alimsimamisha pale kwenye msingi wake bila gundi, lakini hakuweza kuutazama uso ule, kwa hivyo akamwelekeza ukutani, mgongo kwetu. Na mimi kila nilipofagia nilimpita, nikaelekeza macho kwingine, kwa sababu na mimi nilikuwa na yangu ya kile kijiti.

Ijumaa, wiki moja kabla ya maonyesho, nilikuwa nafuta vumbi kwenye ile meza na jua la asubuhi lilikuwa limeingia mlangoni moja kwa moja. Nikaliona lile joho. Kwa miezi minne Isaac alilipaka mbele yangu na sikuwahi kuliangalia, nilikuwa nashughulika na pembe na ushetani wangu. Halikuwa jekundu. Kwenye mikunjo ya ndani lilikuwa karibu zambarau, likapanda taratibu kuwa rangi ya damu, kisha ya nyanya, na kwenye ukingo wa kila mkunjo kulikuwa na mistari ya rangi ya machungwa, myembamba kuliko unywele, mamia, yote ikifuata upande upepo unakoelekea. Pindo lilikuwa limechakaa na kuchafuka tope, na tope lenyewe lilikuwa limepakwa, udongo wetu mwekundu. Nilisimama na kitambaa mkononi.

"Kasyoka," nikasema, "kumbe huyu mtoto alikuwa anajua hivi?"

Akaja akasimama kando yangu. Alitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akilia, na hakufuta machozi, na mimi pia nililia, nisione haya, mlango ukiwa wazi na watu wakipita.

Baadaye akavuta kiti, akachukua tupa ya kucha. Akaanza kukwangua zile nyayo za juu ya kilima, moja baada ya nyingine, hadi njia ya mbele ikawa safi, haijakanyagwa. Akanyunyiza mchanga mpya. Kisha akachapa nyayo nyingine chini, kutoka ukingoni hadi pale shujaa anaposimama, moja kushoto, moja kulia. Njia ile ile aliyoshuka sasa alikuwa anaipanda. Akamgundisha mgongo ukiwa kwa watu.

"Sasa anakwenda wapi?" nikauliza, kwa sababu siwezi kujizuia.

"Sijui, Mama Ciru. Lakini nimeacha kudanganya kwamba anarudi."

Jumamosi ya maonyesho tulivaa vizuri tukaenda Olympic. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana, na mimi na Kasyoka tulikuwa watu wazima peke yetu wenye vilemba. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeusi, na juu yake majoka, majitu, askari wa kila namna, wote wakiwatazama watu. Wetu peke yake alikuwa amewapa mgongo. Mbele yake kulikuwa na kadi, Duncan ameandika kwa mkono wake: Isaac. Alitaka kuongeza jina la mama kwa ajili ya msingi. Kasyoka alikataa.

Watu walipita, wengine wakasimama kidogo, wakaendelea. Nilianza kukasirika kwa ajili yake. Ndipo msichana mmoja, mwenye kitambulisho shingoni kilichoandikwa Audrey, akainama karibu sana, akakaa hivyo, akanyanyuka, akainama tena. Akazunguka meza kutafuta uso, lakini tulikuwa tumemweka karibu na ukuta.

"Aki hii cloak!" akasema, akilionyesha joho. "Nani alipaka?"

"Mtoto wangu," Kasyoka akasema.

"Na mbona amegeuka? Naeza ona uso?"

Akanyoosha mkono. Kasyoka akaweka wake mbele ya msingi, bila nguvu, kama unavyomzuia mtoto asiguse sufuria.

"Usimgeuze, mama. Uso niliufuta. Ni kosa langu. Haya mengine yote ni yake."

Msichana akarudisha mkono. Ukumbi ulikuwa na kelele, na mimi nikahisi kwamba nisiposema sasa sitasema tena hadi nife, na nitakuwa nakaa kulia kwake kila siku nikimpa vijiti.

"Asetoni nilimpa mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kasyoka, mimi ndiye niliyekupa."

Hakushangaa. Hata hakunigeukia, macho yake yalikuwa kwenye lile joho.

"Najua," akasema. "Ni nani mwingine angenipa? Nilinyoosha mkono, ukanipa, kama siku zote. Nilikuwa nangoja uache kuninunulia chai, useme."

Akanishika mkono chini ya meza, ule wa kulia, akaukaza. Kisha, kwa mkono wake mwingine, bila kugusa, akaanza kumwonyesha yule msichana mkunjo wa kwanza, mahali Isaac alipoanzia.